Usingizi wa Kompyuta: Namna ya Kuilaza Kompyuta ya Mezani kwa Programu Huria

Utangulizi

Tunduma ni mji wa mpakani katika Mkoa wa Songwe, mkoa uliozaliwa mwaka 2016 baada ya kugawanywa kwa Mkoa wa Mbeya, na ambao makao yake makuu ni Vwawa, wilayani Mbozi. Barabara kuu iendayo Zambia na reli ya TAZARA hupita mjini hapo, na tangu mwaka 2019 kipo kituo cha pamoja cha forodha baina ya Tunduma na Nakonde. Kazi nyingi za mji wa namna hii, tangu hati za mizigo ya malori hadi alama za wanafunzi wa sekondari, siku hizi huandikwa katika kompyuta.

Kwa sababu hiyo swali lifuatalo, ingawa laonekana dogo, lina uzito wake. Kompyuta isipotumiwa kwa saa moja au mbili, ifanyweje? Ikiachwa inawaka, uniti za LUKU huteketea bure. Ikizimwa, kazi yote iliyokuwa imefunguliwa hapana budi ifungwe, na kuiwasha upya hula dakika kadhaa za kipindi ambacho kina dakika 40 tu. Liko jibu la tatu, nalo ni kuilaza.

Lakini kulaza kompyuta si jambo la kubonyeza na kusahau. Kompyuta nyingine hukataa kulala. Nyingine hulala na kuamka papo hapo. Nyingine hulala usingizi usio na kuamka, na kazi ya asubuhi nzima ikapotea. Tena, Songwe hupata msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, na mvua hizo huandamana na radi. Mahali ambapo umeme waweza kukatika wakati wowote, aina ya usingizi ichaguliwayo ndiyo huamua kama alama za wanafunzi zitaokoka au la. Makala haya yanaeleza usingizi huo ni nini, unafanyika vipi, na namna ya kuutengeneza kwa kutumia mfumo endeshi wa Linux.

Programu huria na shule

Tanzania haikuanza safari yake ya kompyuta kwa urahisi. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na marufuku hayo yalilegezwa polepole katika miaka iliyofuata. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, yaani programu huria za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilionyesha faida moja kubwa ya programu huria: mtu yeyote anaruhusiwa kuisoma, kuibadili na kuigawa, bila kuomba idhini kwa kampuni.

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi mjini Helsinki, Finland. Siku hizi imefungashwa kwa majina mengi, miongoni mwayo Debian, Linux Mint na Ubuntu. Jina hili la mwisho limetokana na lugha za Kinguni za kusini mwa Afrika, na neno lenyewe ni ndugu wa neno la Kiswahili "utu". Shule nyingi hutumia kompyuta za mtumba, na baada ya Microsoft kusitisha huduma za kawaida za Windows 10 mnamo Oktoba 2025, kompyuta nyingi za namna hiyo hazikubali Windows 11. Linux huzipa maisha mapya. Amri zote zilizomo katika somo hili zafaa kwa Debian na jamaa zake.

Kompyuta inapolala, hutokea nini?

Kazi inayofanywa katika kompyuta hukaa mahali pa aina mbili. Mahali pa kwanza ni diski, ambayo hutunza maandishi hata umeme usipokuwapo. Mahali pa pili ni kumbukumbu ya RAM, ambayo ni ya haraka mno lakini ni sahaulifu. Sababu yake ni ya kifizikia. Kila tarakimu katika RAM huhifadhiwa kama chaji ndani ya kapasita ndogo sana, na chaji hiyo huvuja. Ili isipotee, saketi huisoma na kuijaza upya takriban kila milisekunde 64. Umeme ukikatika, kazi ya kujaza hukoma, na yote yaliyokuwamo hufutika.

Hapo ndipo maana ya usingizi inapoonekana. Prosesa, diski, feni na kadi ya picha huzimwa, lakini RAM huendelea kulishwa umeme kidogo. Ni kama mama anayefukia makaa majivuni usiku: moto hauonekani, chungu hakichemki, lakini asubuhi akifukua majivu na kupuliza, moto huwaka bila kiberiti.

Umeme huo mdogo hutoka wapi? Pawasaplai za kiwango cha ATX, kilichotolewa na Intel mwaka 1995, zina waya mmoja wa volti 5 ambao hubaki na umeme muda wote ambapo kompyuta imechomekwa ukutani. Waya huo, ambao kwa kawaida ni wa rangi ya zambarau, ndio unaoilinda RAM na kusubiri kubonyezwa kwa swichi. Kwa hiyo fundi anayefungua kasha, ambalo watu wengi huliita sipiyu, hana budi kuchomoa waya wa ukutani kwanza, hata kama taa zote zimezimika.

Aina za usingizi

Kanuni za usingizi wa kompyuta ziliandikwa mwaka 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba, nazo huitwa ACPI. Katika kanuni hizo kila hali ina namba yake. Kwa mwalimu na mwanafunzi, aina tatu zatosha.

Ya kwanza ni usingizi mwepesi. Programu husimamishwa na vifaa hupumzishwa, lakini sehemu kubwa ya mashine hubaki na umeme. Kuamka ni kwa haraka sana, ila akiba ya umeme ni ndogo. Linux huuita s2idle.

Ya pili ni usingizi mzito, yaani S3. RAM pekee, pamoja na saketi chache za kuamshia, ndizo zinazolishwa. Linux huuita deep. Huu ndio usingizi unaofaa zaidi kwa kompyuta ya mezani wakati umeme ni wa uhakika.

Ya tatu yaweza kuitwa usingizi wa pono, kwa heshima ya yule samaki asifiwaye pwani kwa kulala fofofo. Katika kanuni za ACPI ni S4. Yote yaliyomo katika RAM hunakiliwa diskini, kisha mashine huzimika kabisa. Waya waweza hata kuchomolewa ukutani. Ikiwashwa, nakala hurudishwa katika RAM na kazi huendelea palepale ilipoachwa.

Hesabu ya umeme

Chukua mfano wa maabara yenye kompyuta 20. Tuseme kila moja, pamoja na kioo chake, hutumia wati 80 ikiwa inawaka bila kazi, na wati 4 ikiwa katika usingizi mzito. Tuseme pia kwamba kila siku hukaa saa 6 bila kutumiwa. Kanuni ni ile ifundishwayo darasani: nishati ni sawa na nguvu mara muda.

Zikiachwa zinawaka: 20 × 80 × 6 = 9,600, yaani kilowati-saa 9.6 kwa siku.
Zikilazwa: 20 × 4 × 6 = 480, yaani kilowati-saa 0.48 kwa siku.

Kwa siku 20 za masomo, tofauti ni 192 toa 9.6, yaani kilowati-saa 182.4. Uniti moja ya LUKU ni kilowati-saa moja. Basi shule huokoa uniti zipatazo 182 kila mwezi. Yafaa wanafunzi wapime kompyuta zao wenyewe kwa mita ya wati, kisha wazidishe kwa bei ya uniti iliyo katika risiti ya shule. Wati hutofautiana sana kati ya mashine na mashine.

Hatua za kuutengeneza usingizi

Hatua ya kwanza ni kuitazama BIOS, yaani programu ya msingi iliyomo katika bodi kuu. Kompyuta inapowashwa, bonyeza kitufe kinachotajwa kwenye kioo, ambacho mara nyingi ni F2 au Delete. Katika ukurasa wa umeme, kwa mashine nyingi za zamani, huwapo mahali pa kuchagua S1 au S3. Chagua S3. Kama uchaguzi hupotea kila kompyuta inapochomolewa na saa hurudi nyuma miaka mingi, betri ndogo ya CR2032 iliyo katika bodi kuu imekwisha, nayo ibadilishwe kwanza.

Hatua ya pili ni kuiuliza Linux inafahamu usingizi gani. Fungua dirisha la amri na uandike:

cat /sys/power/state
cat /sys/power/mem_sleep

Jibu la amri ya kwanza likiwa na neno mem, mashine yaweza kulala. Likiwa na neno disk, yaweza kulala usingizi wa pono. Jibu la amri ya pili huonyesha aina iliyochaguliwa ndani ya mabano ya mraba. Jibu "s2idle [deep]" maana yake ni kwamba usingizi mzito ndio utakaotumika. Kama neno deep halipo kabisa, rudi katika hatua ya kwanza; zipo pia bodi za miaka ya karibuni ambazo hazina usingizi huo.

Hatua ya tatu ni jaribio. Hifadhi kazi zote na kuzifunga, kisha andika:

sudo rtcwake -m mem -s 60

Amri hii huilaza kompyuta na kuiagiza saa ya ndani iiamshe baada ya sekunde 60. Faida yake ni kwamba jaribio halitegemei kibodi wala kipanya. Kama feni zilinyamaza, kisha baada ya dakika moja kioo kikarudi, kazi imekwisha. Siku za kawaida itatumika amri fupi:

systemctl suspend

Maradhi matatu na dawa zake

Jaribio likishindwa, usikimbilie kubadili mambo mengi kwa pamoja. Tabibu hutazama dalili kwanza. Dalili za kompyuta ni tatu.

Dalili ya kwanza: kompyuta hulala na kuamka papo hapo. Kuna kifaa kinachoiamsha. Yaweza kuwa kipanya kilicho juu ya meza inayotikiswa na lori lipitalo, au kadi ya mtandao. Orodha ya wanaoruhusiwa kuamsha hupatikana hivi:

cat /proc/acpi/wakeup

Wenye neno enabled wanaruhusiwa. Ruhusa ya mmoja wao, kwa mfano XHC ambalo kwa kawaida ni jina la kidhibiti cha USB, huondolewa hivi:

echo XHC | sudo tee /proc/acpi/wakeup

Jaribu tena. Dalili ikitoweka, mkosaji amepatikana. Ikumbukwe kwamba baada ya hapo kibodi ya USB nayo huenda isiweze kuiamsha mashine. Itatumika swichi ya kuwashia. Ikumbukwe pia kwamba badiliko hili hufutika kompyuta inapowashwa upya, na amri ileile ikirudiwa mara ya pili huirudisha ruhusa.

Dalili ya pili: kompyuta huamka, feni hunguruma, lakini kioo ni cheusi. Bonyeza kitufe cha Num Lock. Kama taa yake inawaka na kuzima, kiini cha mfumo ki hai na ni picha tu iliyokwama. Mshukiwa mkuu ni draiva ya kadi ya picha. Sasisha mfumo mzima, au badili draiva: anayetumia ile ya kampuni ajaribu ile huria, na kinyume chake. Kama taa haibadiliki, huenda kiini chenyewe kimeganda. Baada ya kuwasha upya, kumbukumbu za uhai uliopita husomwa hivi:

journalctl -k -b -1

Mistari ya mwisho mara nyingi hutaja kifaa kilichokuwa kikishughulikiwa.

Dalili ya tatu: kompyuta hukwama wakati wa kulala. Hapa Linux ina kipimo kizuri ambacho huigiza usingizi hatua kwa hatua:

echo freezer | sudo tee /sys/power/pm_test
systemctl suspend

Mfumo utasimamisha programu tu, usubiri sekunde 5 hivi, kisha urudi. Ukirudi salama, rudia kwa kuweka devices badala ya freezer, halafu platform, processors, na mwisho core. Hatua ya kwanza kushindwa ndiyo yenye ugonjwa. Ikiwa freezer imepita lakini devices imeshindwa, kosa liko katika draiva ya kifaa fulani. Chomoa vifaa vya nje kimoja kimoja na kurudia jaribio. Baada ya kumaliza, usisahau kurudisha hali ya kawaida:

echo none | sudo tee /sys/power/pm_test

Mwanafunzi wa sayansi atatambua kwamba njia hii ndiyo ileile ya maabara: badili jambo moja tu kwa wakati, andika matokeo, kisha toa hukumu.

Usingizi wa pono na umeme unaokatika

Yaliyoelezwa hadi hapa yana udhaifu mmoja mkubwa. Kompyuta iliyo katika usingizi mzito huhifadhi kazi katika RAM, na RAM husahau. Umeme ukikatika kwa sekunde chache tu, makaa yaliyofukiwa yamemwagiwa maji. Mwalimu aliyeiacha alama za kidato kizima bila kuzihifadhi, akitumaini kwamba "imelala tu", atarudi na kukuta kompyuta imezimika na kazi haipo. Tena, radi inapokaribia ni busara kuchomoa waya ukutani, na usingizi mzito haukubali kuchomolewa.

Kwa hiyo katika mazingira ya Songwe usingizi wa pono ni wa lazima kuufahamu. Nao wahitaji eneo la akiba katika diski la kuwekea nakala ya RAM. Amri mbili hizi huonyesha ukubwa wa RAM na wa eneo hilo:

free -h
swapon --show

Kanuni nyepesi ni kwamba eneo hilo lisiwe dogo kuliko RAM. Ubuntu, tangu toleo 17.04 la mwaka 2017, kwa kawaida hutengeneza faili badala ya sehemu maalumu ya diski, na faili hilo mara nyingi ni dogo mno kwa kazi hii. Kwa shule njia rahisi ni kutenga sehemu maalumu siku ile ile mfumo unapowekwa. Kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 8 itengewe gigabaiti 8 au zaidi. Kisha mfumo uambiwe mahali pa kuitafuta nakala. Tafuta namba ya utambulisho ya sehemu hiyo kwa amri ya sudo blkid, fungua faili la /etc/default/grub, na ndani ya alama za kufungia za mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ongeza maneno resume=UUID= yakifuatwa na namba hiyo. Malizia kwa:

sudo update-grub

Washa upya, hifadhi kazi, ujaribu systemctl hibernate. Mfumo ukikataa ingawa eneo latosha, tazama BIOS: kinga iitwayo Secure Boot ikiwa imewashwa, Linux nyingi huzuia usingizi huu kwa sababu za usalama.

Muda wake nao waweza kukadiriwa. Kwa kawaida Linux hujaribu kuifanya nakala isizidi sehemu mbili kwa tano za RAM. Kwa RAM ya gigabaiti 8, hiyo ni gigabaiti 3.2. Diski ya zamani iandikayo megabaiti 100 kwa sekunde itahitaji sekunde 32. UPS ndogo, hata yenye dakika chache tu, yatosha kwa kazi hiyo.

Onyo moja halina mjadala. Kompyuta iliyo katika usingizi wa pono isiwashwe kwa mfumo mwingine ulio katika diski ileile, kwa mfano Windows, ukaandika katika mafaili yale yale. Nakala itakaporudishwa itaamini kwamba mafaili yako kama yalivyokuwa, na uharibifu wake waweza kuwa mkubwa.

Mwisho, ziko njia mbili za kuunganisha sifa za aina zote mbili. Amri ya systemctl suspend-then-hibernate hulaza mashine usingizi mzito, kisha baada ya muda huihamishia katika usingizi wa pono. Hii iliwafaa zaidi wenye kompyuta za betri, kwa maana ya mezani yaweza kukatikiwa umeme kabla muda haujatimia. Inayofaa zaidi kwa kompyuta ya mezani ni hii:

systemctl hybrid-sleep

Mfumo huandika nakala diskini kwanza, kisha hulala usingizi mzito. Umeme ukibaki, kuamka ni kwa sekunde chache. Umeme ukikatika, nakala iko diskini na kazi itarudi. Gharama yake ni ile nusu dakika ya kuandika tu. Hata hivyo, usingizi wowote si badala ya kuhifadhi: kazi muhimu ihifadhiwe kwanza, ndipo mashine ilazwe.

Maswali ya marudio

1. Eleza kwa nini RAM husahau umeme unapokatika, ilhali diski haisahau.
2. Maabara ina kompyuta 15. Kila moja hutumia wati 70 ikiwaka bila kazi na wati 3 ikilala. Kwa saa 8 za usiku, ni uniti ngapi zitaokolewa kama zote zitalazwa? (Jibu: 8.04)
3. Kompyuta huamka kioo kikiwa cheusi, lakini taa ya Num Lock hubadilika. Ni sehemu gani yapaswa kushukiwa kwanza, na kwa nini?
4. Katika jaribio la pm_test, hatua za freezer, devices na platform zimepita lakini processors imeshindwa. Toa hukumu yako juu ya mahali palipo na kosa.
5. Mvua ya radi inakaribia Tunduma na kompyuta ina kazi iliyofunguliwa. Chagua aina ya usingizi ifaayo, na utoe sababu mbili.